Salamu za Idi, na Haki ya Ndugu Zetu Viziwi Wasioona

Assalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu, jamaa na majirani wa hapa Mombasa, na mlioko Unguja, Maskati na kwingineko, nawapa mkono wa Idi na kumwomba Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu na sala zetu. Mwezi ulikuwa mgumu. Mchele, nazi na mafuta vimepanda bei hata futari ya nyumba nyingi ikawa ya kubahatisha, na wako wazazi watakaowavisha watoto nguo za Idi iliyopita. Hao wasione haya.

Kwetu mwaka umekuwa mzito zaidi. Katika Rajabu tulimzika mama mkubwa, Mungu amrehemu, akamwacha mwanawe aliyezaliwa kiziwi na kupoteza nuru ya macho polepole tangu ujanani. Kila ulipoandama mwezi wa Idi, mama mkubwa alimchorea hilali kiganjani, ndipo naye akajua kuwa kesho ni sikukuu. Safari hii nimemchorea mimi. Alikishika kidole changu, akakipapasa kwa muda mrefu, akatambua kuwa si cha mamake.

Watu wa hali yake wapo mitaani mwetu, ila hatuwaoni barazani wala msikitini kwa kuwa wengi wanaishia vyumbani. Wako waliozaliwa hivyo kwa sababu mama aliugua rubela akiwa mjamzito, maradhi ambayo chanjo yake ilianza kutolewa Tanzania mwaka 2014 na Kenya mwaka 2016; wako waliorithi maradhi yanayoanza na uziwi na kuishia na upofu; na wako wazee wetu. Kiziwi hutegemea macho kusoma ishara, asiyeona hutegemea masikio, lakini huyu hana cha kufidia isipokuwa mguso: lugha ya alama anayoifuata kwa kushika mikono ya msemaji, herufi zinazoandikwa kiganjani, na nukta nundu, yaani Breili, kwa aliyefundishwa. Katika mji wa Kabarnet, hapa Kenya, ipo shule ya watoto wa namna hii, na ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaka serikali ikuze lugha ya alama na Breili. Hayo hayamfai mtoto ambaye nyumbani hakuna anayemgusa ila wakati wa kumlisha.

Tunatoa zaka ya fitri ili maskini naye ale siku ya Idi. Vipi basi tumnyime mtu hata habari kwamba Idi imefika? Ukiingia nyumba aliyomo, usiwasalimie wengine ukampita. Mguse begani taratibu, mwache aushike mkono wako akujue, mjulishe waliopo, na ukiondoka umuage, la sivyo atabaki akikungoja. Ukimkuta njiani na fimbo yenye mistari myeupe na myekundu, usimburute. Mpe kiwiko akishike. Nanyi maimamu, litajeni jambo hili mimbarini, maana wazazi wanaowaficha watoto kwa aibu huwasikiliza ninyi kabla ya kumsikiliza daktari.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awaponye wagonjwa na atufikishe mwakani kwa afya na amani. Leo alasiri tutakuwa nyumbani kwa marehemu mama mkubwa, kahawa na halua zipo. Mtakaofika, anzeni kwa kumpa mkono ndugu yangu.

Idi Mubarak. Kullu aam wa antum bikhair.