Idi Mubarak mafundi wote, na kumi la mwisho la Ann Lowe

Assalaam alaykum ndugu zangu, mashoga zangu, wateja wangu na mafundi wenzangu wa hapa Dar na popote mlipo, Idi Mubarak jamani, taqabbalallahu minna waminkum. Mungu azipokee funga zetu na sala zetu, na wale waliotangulia mbele ya haki ambao Idi iliyopita tulikula nao sahani moja Mola awape kauli thabiti. Na majirani zetu Wakristo mnaokuja leo kula pilau, karibuni sana, mlango uko wazi.

Mwaka huu salamu zangu nimeona nianze na mafundi cherehani. Maana ukitoka nje leo kila mtu kapendeza, watoto wana magauni ya marinda na vikanzu vinavyonukia upya, kina mama wametoka na abaya na madera yaliyokaa mwilini vizuri, wengine familia nzima wamevaa sare, na kila nguo unayoiona kuna mtu kaikalia usiku. Sisi mafundi kumi la mwisho tunalijua. Wenzetu wanaitafuta Lailatul Qadr na sisi tunaitafuta pia, ila tunaitafuta mguu ukiwa kwenye cherehani, umeme ukikatika unahamia ile ya kukanyaga, mtu anakuja mwezi 27 na kitambaa mkononi anakwambia dada angu nisaidie ni kagauni ka mtoto tu, unamuonea huruma unapokea, daku inakukuta hujalala, futi iko shingoni na pini zimechomekwa kifuani. Hongereni sana. Nawaambia kutoka moyoni, hongereni.

Na kila likifika hilo kumi mimi kuna mwanamke namkumbuka, hakuwa Muislamu wala hakuwahi kushona nguo ya Idi, alikuwa Mmarekani mweusi anaitwa Ann Lowe, dizaina wa magauni. Nataka leo mumjue, kwa sababu na yeye alipata kumi lake.

Ilikuwa Septemba 1953. Kule Newport, Rhode Island, kulikuwa na harusi ambayo Marekani nzima ilikuwa inaisubiri, bibi harusi ni Jacqueline Bouvier na bwana harusi ni seneta kijana John F. Kennedy, yule aliyekuja kuwa rais. Shela na magauni ya wapambe oda yote alipewa Ann Lowe, familia ya bibi harusi ilikuwa inamjua siku nyingi. Shela peke yake lilikula yadi 50 za hariri ya tafeta, rangi ya pembe ya ndovu. Mnaoshona piga hesabu hapo, kitenge kizima ni yadi 6 na tunatoa gauni na kilemba juu, sasa hapo ni vitenge nane na kipande vimeingia kwenye nguo ya mtu mmoja. Kifuani vikunjo vyembamba vimepishanishwa kimoja juu ya kingine, shingo imefunguka mpaka mabegani, halafu sketi imejaa imevimba, na juu ya sketi kuna mizunguko mikubwa ya vikunjo na ndani yake kumepachikwa vimaua vidogo vya nta. Ukiitazama ile picha kwa jicho la fundi mgongo unauma, maana kila mzunguko ule ni mikono ya mtu na sindano.

Basi siku 10 kabla ya harusi bomba la maji likapasuka studio kwake New York. Maji yakamwagika. Shela ambalo walilifanyia kazi karibu miezi miwili likaharibika na magauni ya wapambe nayo mengi, jumla magauni 10 kati ya 15 hayafai tena. Siku 10 zimebaki jamani, na wageni wanaokuja kwenye karamu ni zaidi ya elfu moja!

Ann hakupiga simu kwa wenye harusi. Alinunua kitambaa kingine kwa hela yake mwenyewe, akaongeza mafundi, wakakata upya na kushona usiku na mchana mpaka yakaisha yote. Oda ambayo alitegemea imwachie faida ya dola 700 ikamwachia hasara ya dola 2,200, na hilo deni akalibeba kimya kimya, familia ile hakuwaambia. Alivyoyapeleka magauni Newport kwa mkono wake, mlangoni akaambiwa azunguke apite mlango wa nyuma kwa sababu ni mweusi. Akajibu kwamba kama hapiti mlango wa mbele basi magauni yanarudi New York. Akapita wa mbele.

Mimi hapo huwa nasimama kidogo. Mwanamke hajalala siku kumi, ameshaingia hasara, na bado ana nguvu ya kusema hapana mlangoni kwa watu.

Halafu harusi ikafanyika tarehe 12, picha zikazunguka dunia nzima, magazeti yakaandika kitambaa, yakaandika yadi, yakaandika shela la kichwani la bibi yake bibi harusi. Aliyeshona hakutajwa karibu kote. Na mwaka 1961, huyo bwana harusi ameshakuwa rais, gazeti moja la wanawake likaandika kwamba gauni lile lilishonwa na mwanamke mshonaji mweusi, basi, bila jina. Ann akakaa chini akamwandikia barua mke wa rais, akamweleza kwamba maneno yale yamemuumiza, na kwamba kama ni lazima watu wamtaje basi wamtaje kuwa ni dizaina mweusi anayejulikana. Mtu ana zaidi ya miaka 60, kazi yake imevaliwa na matajiri wa nchi nzima, anaandika barua kuomba jina lake. Inaniuma mpaka leo.

Na yeye ufundi hakuuokota barabarani. Alizaliwa mwaka 1898 Clayton, Alabama, bibi yake Georgia alikuwa mtumwa na kazi yake ilikuwa kushona, mama yake Janie akarithi sindano, na hao wawili wakawa wanawashonea wake wa wakubwa wa Montgomery. Ann mdogo alikuwa anaokota vipande vinavyodondoka kwenye mkasi, vile ambavyo sisi tunajazia mito, anakunja maua. Yale maua ndiyo yaliyokuja kuwa alama yake maisha yote, waridi la hariri limeshonwa petali moja moja kwa mkono likakaa kiunoni au likashuka mpaka chini kwenye pindo, mtu akiliona anajua hili la Ann Lowe hata lebo asipoisoma. Mama yake alifariki mwaka 1914 akiwa na magauni manne ya mke wa gavana wa Alabama hayajaisha, na binti wa miaka kama 16 akayamalizia. Msiba uko ndani na oda iko mezani. Wapo humu mafundi wameipitia hiyo, nawajua, Mungu awatie nguvu.

Aliolewa mapema na mume hakutaka ashone. Siku moja yuko dukani kavaa nguo aliyojishonea mwenyewe, mama mmoja tajiri wa Tampa, Florida, akamuona, akamuuliza nani kakushonea hii, jibu lilipotoka akamuomba aende Tampa akawashonee mabinti zake. Akabeba mtoto wake akaenda. Na hapa ndipo stori yake inapoingia kwenye misimu kama hii yetu, kwa sababu Tampa wana sikukuu yao kubwa kila mwaka inaitwa Gasparilla, wanachagua mfalme na malkia, kunakuwa na karamu na maandamano, na magauni ya hao malkia na wenzao kwa miaka Ann ndiye alikuwa anayashona. Yani na yeye alikuwa fundi wa msimu, mji mzima unamsubiri yeye ndo upendeze.

Katikati hapo mwaka 1917 alikwenda kusoma ushonaji New York, wakamkalisha chumba cha peke yake kwa sababu wanafunzi weupe hawakutaka kukaa naye, halafu kazi zake zinachukuliwa wanaonyeshwa haohao kama mfano wa kazi nzuri. Alimaliza kabla ya muda. Mwaka 1928 akahamia New York moja kwa moja, akashonea maduka makubwa na kwenye nyumba za wengine, kazi yake inatoka na lebo ya mtu mwingine. Ile nguo aliyovaa mwigizaji wa sinema Olivia de Havilland mwaka 1947 alivyopokea tuzo ya Oscar, yenye maua yaliyochorwa kwa mkono, ni ya Ann Lowe, lakini lebo iliandikwa Sonia Rosenberg.

Kitu ambacho nataka mafundi wadogo wakisikie vizuri ni kuhusu bei. Ann alikuwa anapenda kitambaa bora na anapenda ndani ya gauni kuwe safi kama nje, bitana imekaa, sidiria imeshonewa humohumo ndani ili mvaaji asihangaike, mishono imefichwa kwa lesi. Na wateja wake pamoja na utajiri wao wote walikuwa wanamshusha bei. Baadaye mwenyewe alikuja kusema gauni analolipwa dola 300 alikuwa ameshatia kama dola 450. Hesabu alikuwa anamwekea mwanawe Arthur, na Arthur akafariki kwa ajali ya gari mwaka 1958, baada ya hapo madeni yakamzidi, kodi ya serikali ikafika maelfu ya dola, mwaka 1962 duka likafungwa, na mwaka huohuo akatolewa jicho la kulia kwa ugonjwa wa glakoma. Kuna mtu akalipa lile deni la kodi bila kujitaja. Ann aliamini mpaka mwisho kwamba alikuwa ni yule bibi harusi wake wa Newport. Kuna wanaomlaumu kwamba alijipendekeza kwa matajiri, kweli alisema wazi kwamba anashonea familia kubwa tu, mimi simlaumu, mjukuu wa mtumwa kuamua nani avae nguo yake ni haki yake kabisa. Ninachosikitikia ni hizo 150 kwenye kila gauni.

Na hakuacha kushona. Jicho la kushoto likawa na mtoto wa jicho, likafanyiwa upasuaji, akarudi mezani, na mwaka 1968 akafungua tena duka Madison Avenue, mtaa wa mavazi ya bei mbaya kabisa New York. Alistaafu mwanzoni mwa miaka ya 70, akafariki Februari 25, mwaka 1981, Queens, ana miaka 82.

Leo magauni yake yako Smithsonian kule Washington, kwenye jumba la makumbusho la historia ya Wamarekani weusi, na sehemu kubwa ya sababu ni mwanamke mwingine, Lois Alexander Lane, aliyeanzisha makumbusho ya fasheni ya watu weusi Harlem mwaka 1979 na kukusanya kazi ambazo hakuna aliyekuwa anazitaka. Mwaka 2023 makumbusho ya Winterthur kule Delaware wakafanya maonyesho makubwa ya Ann Lowe peke yake. Shela la mwaka 1953 limechoka sana haliwezi kusafirishwa, basi mwalimu wa Chuo Kikuu cha Delaware akalishona upya, vikunjo kwa vikunjo, ili watu waone kazi ilikuwaje. Na wanaosomea ushonaji wanajifunza kwenye magauni yake alivyofunika mishono. Hiyo kwangu ndiyo heshima yenyewe, mtu miaka zaidi ya 40 yuko kaburini na bado anafundisha watoto wa watu kushona vizuri mahali ambapo mteja haangalii.

Sasa turudi kwenye sikukuu yetu. Leo tutapiga picha nyingi, mbele ya mlango, kwa bibi, ufukweni jioni, na tutaziweka mtandaoni. Naomba zawadi moja tu ya Idi, ukiweka picha andika na aliyeshona. Fundi wa Kariakoo, wa Mwananyamala, wa Tandika, wa Temeke, wa Unguja, andika jina lake kama analipenda liandikwe, yule kijana anayekaa barazani kwa mtu na cherehani moja ana jina. Mimi nimeanza asubuhi, mtandio niliovaa umedarizwa na binti ninayemfundisha kazi, na jina lake nimeliweka kwenye picha kabla ya langu. Kaliona kanyamaza, halafu kaenda kumuonyesha mama yake.

Watoto wapeni mkono wa Idi, wagonjwa tuwapitie, kaburini twende, na wale waliofungia mbali na nyumbani, mlioko Oman, Dubai, Uingereza na kwingineko, tunawakumbuka sana. Kwangu leo sigusi cherehani hata mkiniita, nalala. Nguo zilizobaki zimekunjwa kwenye mifuko na majina yameandikwa juu, mkazichukue kwa mama jirani. Na kama kuna fundi anakudai hata elfu tano, mtumie kwenye simu sasa hivi kabla pilau halijapakuliwa, na yeye ana watoto wanaosubiri Idi.

Idi Mubarak, kullu aam wa antum bikheri mashoga zangu.