Jumamosi kwangu Shangani

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Jumamosi saa 10 jioni kundi letu la saratani ya matiti tunakutana kwangu Shangani, siyo ufukweni tena. Upepo wa juzi uliwavua wengine vilemba, tukacheka mpaka machozi.

Mwenzetu mpya anaanza dripu za dawa ya saratani (kemo) Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, wiki ijayo. Mwambieni ukweli: nywele nyingi huanza kunyonyoka wiki ya pili au ya tatu, chakula huweza kuwa na ladha ya chuma, na safari ya Dar ni ndefu, abebe uji kwenye chupa. Mimi niliambiwa uvimbe usiouma si saratani, nikapoteza msimu mzima wa korosho nikipaka mizizi. Hilo nitamsimulia mwenyewe.

Wa tamoksifeni, vile vidonge vya kuzuia saratani ya matiti isirudi, msivikatishe eti mmepona. Mihogo ninayo, samaki leteni.