Eksirei safi isifunge uchunguzi wa mtoto aliyeumia shingo

Mhariri,

Mtoto amegongwa na gari, shingo inamuuma na mikono inakufa ganzi. Anapigwa eksirei, mifupa inaonekana mizima, mzazi anaambiwa akampumzishe nyumbani. Nafanya kazi katika idara ya dharura, na uamuzi wa namna hiyo unanitia hofu kubwa, maana ganzi haitoki kwenye mfupa.

Mtoto mdogo ana kichwa kizito kuliko shingo yake inavyoweza kuhimili, na kano zinazoshika pingili bado ni laini. Ajali inaweza kuuvuta uti wa mgongo kisha ukarudi mahali pake bila hata ufa. Ugwe mgongo, ule mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani yake, hauvutiki kiasi hicho. Huvimba, huvuja damu, hata kukatika, na eksirei haionyeshi lolote kati ya hayo. Madaktari Pang na Wilberger walilieleza tatizo hili mwaka 1982, na wakaeleza kuwa baadhi ya watoto hupooza saa kadhaa, hata siku, baada ya kuumia.

MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, ndiyo inayouonyesha ugwe wenyewe, tena bila mionzi. Mwongozo wa mwaka 2016 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, unaelekeza mtoto wa chini ya miaka 16 apigwe MRI pakiwa na shaka kubwa kuwa ugwe wa shingo umeumia. Nasisitiza shaka kubwa. Simaanishi kila aliyejikwaa. Kipimo chenyewe kina ugumu wake: mdogo hawezi kutulia muda wote huo, hivyo huenda akahitaji dawa ya usingizi na mtaalamu wa kulinda pumzi yake. Aliye mahututi hutulizwa hali kwanza. Na kwa mifupa, CT-Scan, yaani eksirei ya kompyuta inayopiga picha nyingi za vipande vya mwili, bado ina kazi yake.

Ninachoomba ni hospitali zenye MRI ziwe na mtu wa zamu usiku na mwisho wa wiki. Zisizo nayo, mtoto mwenye ganzi, udhaifu wa viungo au anayeshindwa kukojoa apewe rufaa usiku uleule, shingo na mgongo vikiwa vimezuiwa visicheze. Ikiwa kuna damu inayoubana ugwe, daktari wa upasuaji anapaswa kujua kabla ya asubuhi.

Muuguzi wa idara ya dharura