Shukrani kwa uliyetufundisha kuinamisha kamera

Ndugu yetu usiyetaka kutajwa jina, ahsante sana. Ulitueleza kuwa kamera ya joto (inayoona joto badala ya mwanga) ya droni tunayotafutia watu baharini haioni chini ya maji: anayeelea huonekana kichwa na mabega tu, kinukta cheupe. Kwa lenzi ya milimita 13 na pikseli (vinukta vya picha) za mikroni 12, ukiwa mita 60 juu kichwa hupata upana wa pikseli tatu hadi nne. Ukipanda mita 120 zinabaki mbili, na wimbi dogo tu huzifuta. Ukatuinamishia kamera nyuzi 60 chini ya upeo wa macho, maana ikitazama mbali maji huakisi anga. Tena ukasisitiza, boti ikisogea tuweke upya kituo cha kurudia, yaani mahali droni inaporejea yenyewe, la sivyo betri ikipungua droni hurudi ilikorukia, ikatua baharini. Mungu akulipe kheri.