Mwalimu, kuhusu ile barabara ya mheshimiwa

Nairobi, Jumapili jioni

Mwalimu, ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa mama watoto. Barua yako nimeipata, na unga wa wimbi pia, ingawa mfuko ulipasuka njiani na sehemu yake imebaki kwenye buti la basi. Tumekunywa uji wiki nzima.

Unaniuliza kama kamati yenu ifanye haraka kuipa ile barabara jina la marehemu mheshimiwa, kutoka sokoni hadi darajani, kabla siasa hazijaingia. Jina apewe, naunga mkono mia kwa mia. Ila hapo pa sokoni hadi darajani ndipo ninaposita, na sababu yake niliipata ndani ya matatu.

Juzi nilipanda 46 mjini, nikamwambia makanga anishushe Argwings Kodhek. Akanikazia macho. "Mzee, hiyo ni wapi? Hurlingham ama Yaya?" Na wakati huo tulikuwa juu ya barabara hiyo hiyo! Nilipofika nilikokuwa naenda, nikamuuliza askari wa getini, mtu mzima mwenye mvi, kama anajua Kodhek alikuwa nani. Akanijibu pale pale: "Si yule Mzungu aliyekuwa na shamba hapa zamani."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Wewe umefundisha historia, unajua ni nani huyo. Wakili wa kwanza Mwafrika nchini Kenya. Alirudi kutoka Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakoloni wakataka kumlipa theluthi ya mshahara wa Mzungu wa kazi ile ile. Akawaachia kazi yao, akafungua ofisi yake, akasimama kortini kuwatetea washukiwa wa Mau Mau. Mwaka 1957 Tom Mboya alimshinda kwenye uchaguzi hapa Nairobi, lakini baadaye akawa mbunge wa Gem, kisha waziri. Januari 1969 akafa barabarani, Hurlingham Road. Serikali ikasema ni ajali ya gari, na hadi leo wapo wasiolimeza neno hilo. Barabara aliyofia ndiyo ikapewa jina lake.

Sasa mtazame Mboya. Alipigwa risasi Julai mwaka huo huo, Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Jina lake likaenda mtaa wa jirani uliokuwa ukiitwa Victoria Street. Nani leo anasema Victoria? Hata mtoto wa darasa la pili aliyekuja mjini mara moja anakwambia gari lilimshusha Tom Mboya. Nimelifikiria jambo hili sana. Victoria lilikuwa jina la mtaa tu, likang'oka na kibao chake. Hurlingham ni jina la eneo zima, lenye maduka, hospitali na stendi, na hilo halikuguswa. Jina la Kodhek limebaki kwenye kadi za mawakili na risiti za kliniki, tena mara nyingine limeandikwa bila ile "h".

Ndiyo maana nasita. Sokoni patabaki sokoni, na darajani patabaki darajani, hata mkisimamisha mabango kumi. Lakini ule mlima baada ya daraja hauna jina. Unakumbuka kabla ya lami? Mvua ya Aprili, gari la mheshimiwa limezama hadi ekseli, naye amevua viatu, soksi kazitia mfukoni, anasukuma pamoja nasi huku akimfokea dereva asikanyage mafuta ovyo. Tope lilimrukia hadi kwenye miwani. Pale ndipo pake. Wapeni makanga neno fupi la kuitia stendi ya pale juu, nalo litashika lenyewe.

Halafu msikimbilie kwa MCA, yule mwakilishi wenu wa wadi, kabla ya kujua barabara ni ya nani. Ikiwa ni ya kaunti, sawa, mtamalizana na kaunti. Ikiwa ni barabara kuu ya kitaifa, hiyo iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, na kibao cha kaunti hapo hakitadumu. Na wale wanaotaka mbunge wa sasa naye apewe kipande akiwa hai, waambie yaliyotokea kwa barabara ya Dik Dik huku mwaka 2021, ilipopewa jina la Atwoli, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, naye akiwa hai. Bango liling'olewa, likarudishwa, likachomwa moto.

Kuna moja tu naomba ulifanye wiki hii. Nenda kwa mjane, umuulize jina la mzee liliandikwaje kwenye kitambulisho. Kwenye programu ya mazishi liliandikwa namna mbili, ukurasa wa kwanza na wa nne. Usimtume mtu, nenda mwenyewe, na umpelekee sukari kwa niaba yangu. Nitakurudishia nikija Desemba.

Wako,
yule yule wa dawati la nyuma