Barua kwa vijana wangu wa kiume: acheni kuuliza "kwani alifanya nini?"

Wanangu, nawasalimu, ila leo nina hasira na sitaificha. Tarehe 25 Novemba, siku ya kimataifa ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake, mlivaa rangi ya chungwa, mkapiga picha, mkaweka status, na mimi nikawasifu. Wiki haijaisha ikarushwa kwenye grupu video ya binti anapigwa na mumewe, mkaanza, "kwani alifanya nini?", "atakuwa kachepuka huyo", mwingine katuma vikatuni vya kucheka. Hakuna hata mmoja aliyeuliza yule binti yuko wapi, mzima?

Hivi mnajua hiyo tarehe imetoka wapi? Patria, Minerva na María Teresa Mirabal, ndugu wa damu, waliuawa 25 Novemba 1960 huko Jamhuri ya Dominika kwa kumpinga dikteta Trujillo, wakapigwa mpaka kufa halafu gari lao likasukumwa korongoni ionekane ajali. Ajali! Na leo tunaambiwa "kateleza bafuni" nasi tunaitikia pole, pole sana, wakati usiku watu walisikia kelele wakaongeza sauti ya tv. Shirika la Afya Duniani linasema karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani ameshafanyiwa ukatili wa kupigwa au wa kingono maishani mwake. Hesabuni dada zenu na mama zenu. Muulizeni mpigaji alifanya nini, na nyie marafiki zake mlimwambia nini.

Mengine nayasema haraka. Mkisikia kelele nendeni wengi mkagonge, au piteni polisi. Mwanamke akikwambia mumewe alimkaba shingo usichukulie poa, hiyo ni dalili kubwa ya kuja kuuawa. Anayetaka kuondoka msaidie kimya kimya, kipindi hicho ndo hatari zaidi. Aliyebakwa awahi hospitali, dawa za kuzuia VVU zinaanzwa ndani ya saa 72, na akiweza asioge kwanza, nguo zitunzwe.

Nawagombeza kwa sababu nawapenda, wengine nimewabeba mgongoni.

Na nyie wazee wenzangu mnaokaa vikao mkamrudisha binti jicho limevimba, eti kavumilie, ndoa ndivyo zilivyo, wangapi tumewarudisha hivyo wakaja kutoka kwenye jeneza? Kupiga mtu ni jinai, haimalizwi kwa faini ya mezani. Kikao kijacho muulizeni binti mwenyewe anataka nini, na mumewe asiwepo hapo.