Barua ya Wazi kwa Rais Salva Kiir Mayardit: Kiti Chako Kitapokelewaje?

Kwa Mheshimiwa Salva Kiir Mayardit,
Rais wa Jamhuri ya Sudan Kusini,
Juba.

Mheshimiwa Rais,

Ninakuandikia kwa heshima, mimi Mkenya niliyefanya biashara ya vifaa vya ujenzi mjini Juba kwa miaka kadhaa, na ambaye tarehe 9 Januari 2005 nilisimama juani katika Uwanja wa Nyayo, Nairobi, nikishuhudia Mkataba wa Amani wa Sudan ukitiwa saini kati ya serikali ya Khartoum na SPLM, harakati yenu ya ukombozi ya kusini. Sina chama nchini mwako wala sina kabila ninalolitetea. Nina jambo moja tu, nalo ni kiti unachokikalia: namna kilivyokufikia, na namna kitakavyomfikia mwingine.

Kilikufikia katika msiba. Helikopta ya Dakta John Garang, mwenyekiti wa SPLM, ilianguka tarehe 30 Julai 2005 akitokea Uganda, wiki tatu tu baada ya kuapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan. Ghasia zilizuka Khartoum na Juba, watu wakauawa, na wengi wetu huku kwa majirani tukadhani mkataba ule utazikwa pamoja naye. Haukuzikwa. Uongozi wa SPLM ulikutana ukakuteua wewe, kwa kuwa ulikuwa naibu wake na kila aliyebeba bunduki msituni alilijua hilo, na tarehe 11 Agosti ukaapishwa. Siku zile chache, pengine kuliko siku nyingine yoyote kabla ya uhuru, nchi yako iliokolewa na jambo dogo sana: watu walijua nani anafuata.

Niruhusu nikumbushe na lililotangulia. Mwishoni mwa 2004, mlipokutana Rumbek kusuluhisha mvutano uliokuwapo baina yako na Dakta Garang, wewe mwenyewe ulilalamika kwamba vyombo vya uongozi vya chama havifanyi kazi na kwamba kila jambo limebaki mkononi mwa mwenyekiti. Ulisema kweli, na ilihitaji ujasiri kuisema mbele yake. Barua hii haina shitaka jipya, Mheshimiwa. Inakurudishia neno lako.

Leo akiulizwa afisa yeyote wa serikali yako ni nani atakayeshika nchi endapo kiti kitabaki wazi, atatazama mlango kwanza kabla ya kujibu. Mkataba wa amani wa 2018, uliotiwa saini kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini mwako, unasema kwamba katika kipindi cha mpito jina la mrithi litatolewa na upande wako uliotia saini, maana yake ni kwamba mpangilio wa ndani wa chama chako ndio unaobeba usalama wa taifa zima. Na mpangilio huo haukai. Februari 2025 Benjamin Bol Mel alitangazwa kuwa mmoja wa makamu wako wa Rais, miezi michache baadaye akafanywa naibu wa kwanza wa mwenyekiti wa chama, na Novemba mwaka huohuo amri zako zikamwondolea vyote pamoja na cheo chake cha jenerali. Riek Machar, aliyekuwa Makamu wa Kwanza wa Rais na ambaye nafasi yake ilitokana na mkataba huo wa 2018, aliwekwa kizuizini nyumbani kwake Machi 2025 na Septemba akafunguliwa mashtaka. Sisemi mahakama imwone na hatia au isimwone; hilo ni la mahakimu. Ninachosema ni kwamba kila anayesogea karibu na kiti chako anajifunza kuwa nafasi hiyo si ngazi, ni shimo.

Nimeona kwa macho yangu jinsi jambo hili linavyoshuka hadi chini. Kulikuwa na ofisi moja ya umma, sitaitaja, ambako nilikuwa nikifuatilia malipo ya saruji na nondo nilizokwisha kuzipeleka. Mara ya kwanza mlangoni palikuwa na kibao cha shaba chenye jina la mkuu wa idara, kimekazwa kwa skrubu nne. Mara ya pili palikuwa na kibao cha plastiki. Mara ya tatu katibu muhtasi alikuwa ameandika jina jipya kwenye karatasi na kulibandika kwa selotepu, na pembeni ungeweza kuona utepe wa karatasi iliyotangulia haujabanduka vizuri. Nilipomuuliza kuhusu faili langu, aliniambia kwa upole kwamba bwana mkubwa huyu hawezi kulipa deni la yule, na kwamba ningoje kidogo kwa sababu huenda na huyu asikae. Jioni nilikaa kwa mama chai mmoja pale mtaani, taarifa ya habari ikaanza, na vikombe vikatulia mezani amri zikisomwa. Mzee mmoja aliyekuwa karibu nami alisikia jina lake kwenye orodha ya walioondolewa. Hakuna aliyekuwa amempigia simu. Alilipa chai yake, akaomba radhi kwa waliokuwa naye, akaondoka kwa miguu, kwa sababu dereva alikuwa ameisikia taarifa ileile na gari halikuwepo tena.

Naelewa hoja ya wanaokushauri. Wanasema nchi iliyotoka vitani haiongozwi kwa mijadala mirefu, na kwamba makamanda wenye majeshi yao hutulizwa kwa kupewa na kunyang'anywa vyeo. Lakini vita ya Desemba 2013 haikuletwa na adui wa nje. Julai mwaka ule ulivunja baraza lote la mawaziri na kumwondoa Machar, aliyekuwa makamu wako, wakati ambapo yeye na wengine walikuwa wamekwisha kusema wanautaka uenyekiti wa chama kabla ya uchaguzi uliotarajiwa 2015. Miezi mitano baadaye risasi zililia Juba. Julai 2016 zililia tena nje ya Ikulu yenyewe, wewe na Machar mkiwa ndani. Amri zisizotabirika hazikuwazuia wagombea wa kiti. Ziliwaonyesha kwamba hakuna njia nyingine ya kukifikia.

Sheria imekuwapo, tena imeandikwa vizuri. Ibara ya 101 ya Katiba ya Mpito ya 2011 ilikuruhusu kumwondoa gavana pale penye hatari kwa usalama wa taifa, lakini ikataka uchaguzi wa gavana mwingine uandaliwe ndani ya siku 60. Magavana waliondolewa mwaka 2013. Siku 60 zilipita bila kura. Majimbo nayo yalitoka 10 yakawa 28, yakawa 32, kisha Februari 2020 yakarudi 10 na maeneo matatu ya utawala, na mwananchi wa kawaida hakuulizwa hata mara moja.

Kwetu Kenya, Mzee Kenyatta alipofariki tarehe 22 Agosti 1978, kulikuwa na vigogo waliokuwa wamepigania miaka miwili kabla kwamba katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais asirithi. Hawakufaulu. Kwa sababu kifungu kilibaki mahali pake, Moi aliapishwa siku ileile kushikilia kwa siku 90. Mengi yaliyofuata yalituumiza, lakini siku ile hakuna aliyekufa kwa ajili ya kiti.

Nakuomba, Mheshimiwa, uchaguzi ulioahirishwa tena Septemba 2024 na kupangiwa Desemba 2026 usisogezwe zaidi. Nakuomba pia uitishe vyombo vya chama chako na vya serikali ya mpito vikutane na kuandika waziwazi nani atashika nafasi ikitokea dharura, kwa muda gani, na kwa mipaka gani, kisha maandishi hayo yasomwe katika taarifa ileile ya habari ambayo husomwa amri, ili yule mama chai na wateja wake wayasikie. Na ukishayasoma, usiyabadilishe peke yako. Wewe ndiye wa mwisho miongoni mwa waasisi wa 1983 wa SPLA, jeshi la SPLM, aliyebaki na uwezo wa kulifanya hili kwa neno moja, na wale walio chini yako hawatakuwa na heshima hiyo ya kusikilizwa na pande zote.

Wako kwa heshima,

Mfanyabiashara, Nairobi